Mama Moshi na nyumba 188 zilizoandikwa sifuri

Saa nne na robo asubuhi, Épiphanie Ndihokubwayo anasimama katikati ya ngazi za udongo za mtaa wa Gatsata, jijini Kigali, anashika kiuno na kuvuta hewa kwa pua. Chini yake mafundi wa magereji wanagonga mabati. Juu yake kuna vyumba vitatu vya kupanga vilivyoegemea mlima.

"Maharage," anasema. "Ameyainjika sasa hivi. Twende haraka, kabla hajayahamisha."

Mwandishi anauliza kwa nini mtu ahamishe maharage yake mwenyewe. Mama huyu wa miaka 46 anacheka, anajifunga kitenge vizuri na kuendelea kupanda. "Utaona mwenyewe."

Naam, tunaona. Katika chumba cha kati, Mama Kaze, mama wa watoto watatu, amekwisha kulisukuma jiko la makaa nyuma ya nyumba, sufuria ikiwa juu yake. Sebuleni, mbele kabisa ya kochi, limewekwa jiko la gesi linalong'aa. Halina hata tone la mchuzi. Si lake, ni la jirani.

"Mama Moshi, karibu, karibu! Leo tunapika na gesi!"

"Asante, Mama Kaze. Na ule moshi unaotoka nyuma?"

"Ile? Ile moshi iko ya jirani."

"Jirani yupi? Huyu aliyekuazima gesi?"

Loo! Wanacheka wote wawili mpaka Mama Kaze anaegemea ukuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hapa mgeni akija mwenyeji huona haya ya masizi yake. Jikoni si mahali pa kumwonyesha mtu wa heshima, na Épiphanie, mwenye kitambulisho kifuani na tableti mkobani, amehesabiwa kuwa mtu wa heshima, atake asitake.

"Mimi mwenyewe nikitembelewa naficha mbabura yangu, jiko langu la makaa," ananong'ona Mama Kaze anapokwenda nyuma ya nyumba. "Nitamlaumuje?"

Kwa miaka mitano kazi yake imekuwa kuulizia moshi wa watu, na ndiyo sababu wanamwita Mama Moshi. Lakini safari hii hakuja kupima. Amekuja kurekebisha kosa, na kosa lenyewe ni lake. Kuna nyumba 188 ambazo kumbukumbu za mradi zinaonyesha kuwa siku fulani hazikuwa na moshi hata kidogo, wakati ukweli ni kwamba siku hizo hakuna aliyepima. Amepewa wiki tisa azifikie zote. Asizozifikia ifikapo mwisho wa Agosti zitafutwa kwenye utafiti kana kwamba watoto wa nyumba hizo hawakuzaliwa.

Hii ni wiki ya nane. Amezifikia 181.

Mradi huo unaendeshwa na kituo kimoja cha utafiti ambacho kimeomba kisitajwe jina. Unafuatilia watoto 412 tangu walipozaliwa, nyumba moja mtoto mmoja, kuanzia vilima vya Gatsata mpaka Kagarama na vyumba vya wafanyakazi nyuma ya majumba ya Nyarutarama. Swali ni moja tu: moshi wa jikoni unayafanya nini mapafu ya mtoto?

Kila baada ya miezi mitatu mkusanyaji hufika, hutundika kipimo kidogo kama kipande cha sabuni karibu na jiko, hukiacha siku mbili, na humsikiliza mtoto kifua. Ziara ishirini kwa kila nyumba. Jumla ni ziara 8,240, na Épiphanie anaamini amepanda ngazi za karibu nusu ya hizo. Malipo ni faranga elfu sita kwa siku, nauli humo humo.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Kinyarwanda. Alirudi Kigali akiwa na miaka 17, akauza vitambaa, akawa mshauri wa afya wa mtaa, na mradi ulipotafuta mtu anayejua kugonga mlango bila kuogopwa, jina lake likatajwa. Akapewa wenzake saba awaongoze. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Ile tableti ina kiburi," anasema, akiipiga kofi dogo mkobani. "Haikubali kisanduku kitupu. Usipoweka namba ya moshi, haikufungulii ukurasa wa pili. Na ukurasa wa pili ndio wenye kikohozi cha mtoto. Sasa umefika, mama hayupo, ameenda kufua nguo za watu Nyarutarama. Bibi yupo na mtoto, lakini hajui wala hataki kujua habari za kipimo. Mtoto unamsikiliza, sawa. Moshi utaandika nini?"

Aliandika sifuri. Ukurasa wa pili ukafunguka, kikohozi kikaandikwa. Jioni ile akawaambia wale saba: mkikwama, wekeni sifuri, tutarekebisha baadaye.

"Nilijua si kweli," anasema. Hatafuti maneno ya kujipamba. "Nilijua kabisa. Nikasema nitarudi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Unajua kazi ilivyo. Sikurudi."

Sifuri hizo zilifika 1,163.

Kama zingeangukia nyumba yoyote tu, hapa na pale, pengine zisingeleta balaa kubwa. Lakini zilichagua. Zilimwangukia mama anayetoka alfajiri na kurudi gizani, anayepika ndani ya chumba cha kulala kwa kuwa mvua inanyesha. Zilimwangukia mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona kitu kimepigiliwa ukutani mwake. Zilimwangukia aliyehama ghafla mlima uliposhuka na matope. Mama mwenye gesi, mwenye dirisha, mwenye muda wa kukaa nyumbani akimngoja mgeni, yeye alipimwa mara zote ishirini.

Januari mwaka huu akaja mtakwimu mpya, Shami, binti wa miaka 29. Alilelewa Karagwe, Tanzania, akasomea Dar es Salaam, na Kiswahili chake na cha Épiphanie vilipatana siku ya kwanza tu, mmoja akimwita mwenzake "Mama" na mwingine akiitikia "mwanangu".

Jumatatu moja Shami alitundika jedwali ukutani mbele ya wafanyakazi wote. Watoto wa nyumba zisizo na moshi walikuwa wanakohoa kuliko watoto wa nyumba za makaa. Si kidogo. Karibu mara mbili.

"Basi moshi ni dawa!" akasema mtu, na chumba kizima kikacheka.

Épiphanie hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma na kikombe cha chai, akakiweka chini. Zile nyumba alizijua. Alizijua kwa mama zao, kwa mbwa zao, kwa milango yao. Nyumba zisizo na moshi! Wakati yeye akitoka huko alikuwa anafua kitenge mara mbili!

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku nne hakusema neno. Alikuwa na watoto wawili wa kusomesha, na mkataba uliobakiza miezi minane. Nani angejua? Tableti haitaji aliyesema nini jioni gani.

Siku ya Ijumaa akaingia ofisini kwa Shami na kufunga mlango.

"Mwanangu, zile sifuri zako si sifuri."

"Ni nini, Mama?"

"Ni mimi."

Shami anakumbuka kwamba alimvutia kiti kwanza, kisha ndipo akauliza maswali. "Ningeweza kukasirika," anasema. "Nilikuwa nimekesha na lile jedwali wiki tatu, nikidhani nimesahau kuhesabu. Lakini angalia, wakusanyaji wanane walijua, na ni mmoja tu aliyekuja. Nimkasirikie huyo?"

Mratibu wa mradi, Benon, aliyekulia Mbarara na anayependa mambo yanyooke, yeye alikasirika, na haki alikuwa nayo. Alimwuliza Épiphanie mara tatu kama ni yeye aliyewafundisha wenzake. Mara tatu akajibiwa ndiyo. Kisha akatoa uamuzi: nyumba zote 188 zitolewe, wabaki na zile 224 safi.

"Mchele wenye mawe unamwaga," alisema.

"Mchele wenye mawe unachambua," Shami akamjibu, na wafanyakazi wakatazama sakafu.

Binti huyo hakuishia kwenye methali ya jikoni. Alimwonyesha bosi wake nyumba 224 zilizobaki ni za nani. Gatsata ilikuwa imepoteza nyumba 121, na waliobaki wengi walikuwa wenye nyumba, si wapangaji. Utafiti wa moshi uliobaki na watu wenye madirisha! Jibu lolote ambalo lingetoka hapo lingekuwa jibu la watu wengine.

Benon akapendekeza njia ya pili. Basi pale palipo na pengo, ichukuliwe namba ya ziara iliyopita. Hapo Épiphanie, ambaye hakuwa ameombwa maoni, alinyoosha mkono.

"Bwana Benon, mtoto akianza kupumua kwa shida, mama anafanya nini? Anatoa jiko nje. Hata kama kuna mvua. Namba ya juzi ni ya jiko lililokuwa ndani. Ukiivuta mpaka leo, utasema mtoto alikuwa kwenye moshi, kumbe ugonjwa wake mwenyewe ndio uliouondoa moshi."

Shami anasema yeye alijifunza jambo hilo chuoni kwa mihula miwili. "Mama alilisema kwa pumzi moja. Moshi unaleta kikohozi, na kikohozi kinabadilisha moshi wa kesho. Usipovifuata hatua kwa hatua, unavichanganya."

Mabishano yaliendelea mpaka Juni, ndipo zilipotolewa zile wiki tisa. Moshi wa mwaka juzi hauwezi kurudi, hilo kila mtu alilikubali. Kinachoweza kurudi ni sababu: kwa nini siku ile kipimo hakikutundikwa, nani alipika, ndani au nje, kwa makaa au kuni, mtoto alikuwa mgongoni au kwa bibi, na kifua chake kilikuwaje wiki ile. Kwa habari hizo, na kwa vipimo vya nyumba zinazofanana nayo, kompyuta ya Shami inajaza kila pengo. Haijazi mara moja. Inajaza mara arobaini, kila mara tofauti kidogo.

Mama Kaze, aliyekuwa akitusikiliza huku akirudisha sufuria ndani bila aibu tena, hakuelewa. Arobaini ya nini? Si waandike moja tu?

"Una wageni Jumapili," Épiphanie akamwambia. "Hujui watakuja wangapi. Ukisema ni kumi, ukapika ya kumi, unajidanganya kama unajua. Sasa wewe piga hesabu wakija wanane, wakija kumi na wawili, wakija ishirini na shemeji zao. Mahesabu yote yakikwambia sufuria yako kubwa inatosha, lala usingizi. Yakigombana, basi ujue hujui, na useme hujui."

"Shemeji ndio wabaya," akasema Mama Kaze.

"Ndio maana tunawahesabu."

Shami ataongeza jaribio la mwisho: vipi kama wote wamekosea, na moshi ule ambao haukupimwa ulikuwa mkali kuliko wanavyodhani? Jibu likigeuka, ataliandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo Épiphanie amezunguka. Amefuata familia zilizohama kwa namba za simu za mashemeji. Ameshiriki umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, katika mitaa mitatu tofauti, jembe mkononi, kwa sababu Jumamosi ya kazi hiyo ndiyo siku pekee wanaofanya kazi za ndani hupatikana. Amefukuzwa mara mbili. Kijana mmoja mwenye gereji, Rodney, alimpakia kwenye pikipiki bure siku nne, akidai mtoto wa dada yake yumo kwenye orodha na hataki afutwe.

Zilibaki saba, kisha tano, kisha mbili. Moja ilikuwa ya wapangaji waliorudi Burundi, na mama wa nyumba hiyo alijibu maswali yote kwa simu kutoka mji wa Ngozi. Ya mwisho haikuwa mbali hata kidogo. Iko Kagarama, dakika ishirini kwa basi, na anwani yake Épiphanie alikuwa nayo tangu wiki ya kwanza.

"Nilikuwa naipita," anakiri. "Kila asubuhi nasema leo. Nikifika kituoni napanda basi lingine."

Ni nyumba ya Mukankusi, mwenye miaka 38, anayepika katika mgahawa mdogo wa shule. Zamani alikuwa mpangaji Gatsata. Mtoto wake wa kiume, Sibomana, alikuwa kwenye utafiti kwa miaka miwili na miezi mitatu. Ziara mbili kipimo hakikutundikwa kwa sababu mama na mtoto walikuwa hospitalini. Ziara iliyofuata Épiphanie alipanda ngazi akiwa na kipimo mkobani, akakuta viti vya kuazima uani na wanawake wamekaa chini. Mtoto alikuwa amefariki siku mbili kabla.

Alikaa kilioni. Alikula walichokula wengine. Hakutoa kipimo, na nani angekitoa? Usiku ule, nyumbani kwake, tableti ilidai namba.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya tisa tunaenda naye Kagarama. Amebeba kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, maana hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu. Mukankusi anamruhusu mwandishi akae karibu na mlango. Salamu zinakwenda mbali: watoto, kazi, jua la Agosti, bei ya viazi. Dakika ishirini zinapita na Épiphanie hajafungua mkoba.

Mukankusi ndiye anayeanza. "Mama Kaze alinipigia simu. Alisema unatembea kwa watu wote. Mimi najiuliza, kwangu hataki kuja?"

"Niliogopa."

"Kwa karatasi yenu, Sibomana iko?"

"Yupo."

"Waliandika nini?"

Épiphanie anashusha pumzi. "Si wao. Niliandika mimi. Mara tatu. Niliandika kwamba nyumba yako haikuwa na moshi."

Mukankusi anasimama. Anachukua ule mfuko wa sukari, anauweka juu ya kabati, anarudi, anakaa.

"Wewe ulikaa kwa kilio yangu," anasema polepole. "Ulilia na mimi. Halafu ukaenda kuandika nyumba yangu haina moshi? Ile nyumba? Nilikuwa napika nimemubeba mugongoni! Dirisha haiko, mulango nafunga sababu ya mvua. Macho yake ilikuwa inatoka machozi, mimi nafikiri ni usingizi. Na wewe unaandika hakuna?"

"Nisamehe."

"Siyo kusamehe. Toa hiyo mashine."

Épiphanie anatoa tableti. Mukankusi anavuta kiti chake mpaka magoti yao yanagusana, ili aone kila kinachoandikwa. Kwa saa nzima na zaidi anajibu. Makaa, nusu gunia kwa wiki mbili. Ndani, isipokuwa siku za jua. Mtoto mgongoni, sikuzote mgongoni, hakuwa na wa kumwachia. Wiki gani kikohozi kilianza. Wiki gani alitoa jiko nje, na siku gani mvua ilimrudisha ndani. Pale Épiphanie anapotaka kuruka swali kwa huruma, Mukankusi anagonga kioo kwa kidole.

"Hii umeacha. Niulize."

Anaulizwa. Anajibu. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Ukurasa wa mwisho ukifungwa, anauliza swali lake mwenyewe, moja tu. "Ni moshi ilimuua?"

Épiphanie angeweza kusema hapana, na mama yule angelala vizuri usiku ule. Angeweza kusema ndiyo. "Sijui," anasema. "Kwa mtoto mmoja hata Shami hawezi kujua. Kwa wote mia nne na kumi na wawili wakikaa pamoja, pengine tutajua."

"Basi umukalishe na wengine."

"Amekaa sasa."

Wiki iliyofuata kamati ya mradi ilikutana. Haitafutwa hata nyumba moja. Tableti imefunguliwa: kisanduku sasa kinaweza kuachwa kitupu, ilimradi mkusanyaji aandike sababu. Uamuzi mwingine Benon alimwambia Épiphanie mwenyewe, ana kwa ana, na inasemekana hakufurahia kuutamka. Mkataba wake ukiisha Septemba hautarefushwa. Sifuri 1,163 ni nyingi mno kwa mtu mmoja kusamehewa mbele ya wenzake.

Hakulia ofisini. Alilia kwenye basi, anasema, mpaka kituo cha Nyabugogo, na mama mmoja asiyemjua akampa kitambaa.

Shami amemwombea nafasi ya kufundisha wakusanyaji wapya kwa wiki mbili mwezi Oktoba. Majibu hayajaja. Épiphanie mwenyewe amekwisha kuzungumza na mshauri wa afya wa mtaa wake ili arudi kwenye kazi ile ya zamani ya ushauri, ambayo mshahara wake ni asante nyingi, na anafikiria kurudia vitambaa.

Majibu ya utafiti yanatarajiwa Februari. Yatasomwa hotelini mbele ya wageni walioalikwa, na jina lake halimo kwenye orodha. Hilo halimuumizi sana. Ameomba kitu kimoja tu kwa Shami: nakala, siku moja kabla.

Atapanda nayo basi la Kagarama. Ameahidi, na Mukankusi amemwambia mlango uko wazi lakini asilete sukari.

"Nitakaa naye nimsomee yote," anasema Épiphanie. "Kama ni jibu la kumpunguzia uchungu au la kumwongezea, nitalisoma lilivyo. Akinifukuza nitatoka. Lakini kukaa kwake, kula chakula chake, halafu niende kuandika kitu kingine... hiyo nimeifanya mara moja. Sitaifanya tena."